Chawa wa Kichwa Wasiokoma



Tangu ukurasa huu ulipozungumza habari za mapunye, akina mama kadhaa wa hapa Mkolani wamenisimamisha baada ya Misa, kila mmoja akinong'ona kana kwamba yumo katika kitubio. Neno lao ni moja. "Karani, mapunye tumeyaelewa. Lakini chawa je? Nimepaka dawa mara tatu. Wanakufa, wiki haijaisha wamerudi." Bibi mmoja mwenye wajukuu wanne nyumbani amekwisha kukata shauri kwamba chawa wale wametumwa na mtu, na hata jina la mtu huyo analo.

Sikumcheka. Mtu akifanya kazi ileile mara tatu na kuiona inaharibika mara tatu, lazima atafute sababu. Sababu ipo, lakini jirani hana mkono ndani yake. Sababu imo katika yai. Mimi si daktari. Nilisomea ualimu, na kazi yangu ya kila siku ni vitabu vya parokia. Lakini jambo hili ni hesabu zaidi kuliko udaktari, na hesabu za darasa la tatu zatosha.

Chawa wa kichwa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta. Ana miguu sita, na kila mguu una kucha iliyopinda kama ndoano, ya kushikia unywele. Hana mabawa, wala haruki kama kiroboto, hutambaa tu. Chakula chake ni damu ya mtu, naye hula mara kadhaa kila siku. Kuku, mbwa na mbuzi hawampi chakula, basi msiwasingizie wanyama hao. Akitolewa kichwani hufa katika siku moja au mbili.

Jike huishi karibu mwezi mmoja, na kila siku aweza kutaga mayai sita, hata manane. Kila yai hulibandika kwenye unywele kwa gundi yake mwenyewe, karibu kabisa na ngozi, mahali penye joto. Gundi hiyo haitoki kwa maji wala kwa sabuni. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Kitoto kinachotoka huhitaji siku nyingine 9 hadi 12 kabla hakijaweza kutaga mayai yake.

Sasa chukueni kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, tufanye hesabu. Mama amepaka dawa Jumamosi tarehe 1. Chawa wote wanaotembea wamekufa, naye amefurahi. Lakini dawa nyingi haziui mayai yote, na mayai yaliyotagwa Ijumaa bado yamebanwa palepale. Kufika tarehe 8 au 10 yameanguliwa. Vitoto hivyo ni vidogo mno, havionekani kwa urahisi, na mama anasema, "Tumepona." Kufika tarehe 20 vimekuwa wakubwa na vimeanza kutaga. Ndipo mtoto anapojikuna tena, na mama anasema chawa wamerudi. Hawakurudi. Hawakuondoka hata siku moja.

Basi dawa inayofanya kazi ni ile ya mara ya pili. Ikipakwa tena siku ya tisa, yaani Jumatatu tarehe 10, itawakuta waliokwisha kutoka katika mayai nao hawajafikia umri wa kutaga. Ukipaka tena siku ya pili yake kwa sababu ya hasira, umepoteza dawa, maana mayai bado hayajafunguka. Ukingoja wiki tatu, umechelewa. Wekeni alama ya kalamu katika tarehe hiyo ya pili siku ileile mnayopaka ya kwanza. Nimeona nyumba ambayo kalenda ilishinda kuliko chupa.

Jambo la pili ni nyumba yenyewe. Chawa hupita kutoka kichwa hadi kichwa pale vichwa vinapogusana. Watoto wanne wanaolala mkeka mmoja wana kichwa kimoja, kwa habari ya chawa. Msichana anayesukwa huweka kichwa mapajani mwa dada yake kwa saa mbili nzima. Hapo daraja limekwisha jengwa. Tena wiki ya kuelekea Krismasi nyumba zetu zinageuka saluni, na kitana kimoja kinazunguka kitongoji kizima. Ukimtibu mtoto mmoja na kuwaacha wenzake watatu, umemsafishia chawa nyumba ya kuhamia. Kagueni vichwa vyote siku moja, pamoja na baba, pamoja na bibi, na yeyote mwenye chawa atibiwe siku hiyohiyo.

Kukagua kuna ufundi wake. Tokeni nje kwenye mwanga wa jua, au washeni taa ya simu, mtazame nyuma ya masikio na kisogoni. Huko ndiko wanakopenda. Kitu cheupe kikianguka ukikipuliza, hicho ni mba. Kipara cha mviringo chenye magamba na nywele zilizokatika ni mapunye, nayo ni ugonjwa wa ukungu, dawa ya chawa haiuponyi. Yai la chawa haliangukii. Hata ukilivuta kwa kucha linang'ang'ania. Lakini si kila yai ni hai. Nywele za mtu hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Ukikuta yai limekaa mbali na ngozi, sentimita moja na nusu au zaidi, hilo ni ganda tupu la zamani. Mama wengi wanapaka dawa mara ya nne na ya tano kwa sababu ya maganda, na hali kichwani hakuna chawa hata mmoja aliye hai. Dalili ya kuaminika ni kumwona chawa anayetembea.

Kwa watoto wetu wa shule za msingi, ambao wengi nywele zao hukatwa fupi, tiba iliyo rahisi kuliko zote ni kunyoa. Chawa asiye na unywele hana pa kushika wala pa kutagia. Hapana gharama, na yai linaondoka pamoja na unywele wake. Lakini wembe uwe mpya, na kila mtoto awe na wake. Wembe uliokwaruza kichwa cha mmoja na kutoka damu, kisha ukapita kwa mwingine, waweza kupeleka virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Kuondoa chawa kwa kuleta hayo si biashara.

Msichana asiyetaka kunyolewa asinyolewe kwa nguvu. Fumueni misuko, loweka nywele, pakeni mafuta ya kula au povu la sabuni, maana chawa aliyeloweshwa mafuta hutembea kwa shida. Gawanyeni nywele mafungu madogo madogo, kisha pitisheni kitana chenye meno yaliyosongamana, kutoka ngozini hadi ncha, na kila mara mkifute kwenye kitambaa cheupe mwone kilichotoka. Rudieni kila baada ya siku tatu au nne mpaka wiki mbili ziishe. Nywele zetu za kipilipili hazipendi kitana cha namna hiyo, nami sitasema kwamba kazi ni nyepesi; kwa nywele nene kichwa kimoja chaweza kula jioni nzima. Mpeni mtoto hadithi wakati huo.

Sasa dawa. Labda wengi hamjui kwamba dawa nzuri za chawa zina asili ya ua linalolimwa katika nchi yetu. Ua hilo ni pareto, linalolimwa Mufindi na sehemu nyingine za nyanda za juu kusini, na jirani zetu wa Kenya wamelilima kwa miaka mingi. Ukilikausha na kulisaga, unga wake huua wadudu. Wataalamu waliitazama sumu ya pareto, wakatengeneza inayofanana nayo kiwandani, na mojawapo inaitwa permethrini. Losheni ya permethrini ya asilimia 1 hupakwa kwenye nywele zilizooshwa na kufutwa maji, huachwa dakika 10, kisha huoshwa kwa maji matupu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili asipakwe. Siku ya tisa, kama nilivyosema, hurudiwa. Ulizeni katika zahanati au duka la dawa muhimu, na someni karatasi iliyomo ndani ya boksi. Asiyejua kusoma amwite mtoto wa shule; kusoma kwake kuna kazi leo.

Hapa lazima nikiri kwa niaba ya dawa kwamba chawa naye hujifunza. Mwaka 1939 Bwana Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu vizuri sana. Katika majira ya baridi ya 1943 hadi 1944 mji wa Naples, Italia, uliingiliwa na homa ya tifasi inayoletwa na chawa, na watu zaidi ya milioni moja walipuliziwa unga wa DDT ndani ya nguo zao. Ugonjwa ukasimama. Müller akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na watu wakadhani habari ya chawa imekwisha duniani. Haikupita miaka mingi. Katika vita vya Korea, vilivyoanza 1950, askari walipuliziwa unga uleule, na chawa wakaendelea kutembea.

Wafugaji wetu hawashangai kusikia hayo, kwa kuwa wamewaona kupe waliozoea dawa ya josho. Katika chawa elfu wapo wachache ambao kwa maumbile yao sumu haiwashindi. Elfu wakifa, hao wachache ndio wanaobaki kuzaa, na watoto wao wanafanana nao. Hata permethrini imekutana na chawa wa namna hiyo Uingereza, Marekani na kwingineko. Basi ikiwa mmepaka dawa ya kweli mara mbili kwa siku zilizo sawa, nyumba nzima, na bado mnawaona chawa wakubwa wanatembea, msiongeze dawa ileile. Nyoeni, au chaneni, au mwende kwa mganga wa zahanati awape ya aina nyingine. Vipo hata vidonge vya ivermektini, dawa ambayo wenzetu wa pwani wameimeza kwa miaka katika kampeni za kuzuia matende. Lakini hivyo hutolewa na mganga kwa kupima uzito, navyo si vya mama mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15. Ile ya sindano ya ng'ombe ni ya ng'ombe.

Nimekuja taratibu mpaka kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Mtu aliyeshindwa na dawa ndogo hutafuta kubwa. Na sisi wa Usukumani, nchi ya pamba na ng'ombe, dawa kubwa hatuzitafuti mbali. Zimo ndani, juu ya dari au chini ya kitanda.

Siku moja mama aliyekuja kuandikisha ubatizo alikuwa na chupa ya soda kwenye kikapu. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa. Nikamwuliza, "Mayu, hii ni dawa gani?" Akasema ni dawa ya chawa, ameinunua mnadani kwa shilingi chache, nayo ina nguvu kweli, maana ndiyo hiyohiyo wanayopulizia pamba. Chupa haikuwa na karatasi wala jina. Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka sita hivi, alikuwa amesimama pembeni na kichwa kilichochanika kwa kujikuna. Mama alikuwa bado hajampaka. Alikuwa anangoja kurudi nyumbani.

Akina mama na akina baba, sikilizeni. Dawa ya kupulizia pamba na dawa ya kuogeshea ng'ombe si dawa ya kichwa cha mtoto, hata ikiongezwa maji, hata "kidogo tu." Ngozi ya kichwa hupitisha sumu kuliko ngozi ya mkono, na ikiwa imechunika kwa kucha, mlango uko wazi kabisa. Ng'ombe ana kilo mia mbili au tatu. Mtoto ana kilo kumi na nane. Nyingi kati ya sumu hizo huua mdudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na mishipa ya fahamu ya mtoto hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Hazijui kuchagua.

Mtoto aliyepakwa sumu ya namna hiyo aweza kutokwa na mate mengi, machozi na jasho, kutapika na kuhara. Mboni za macho hunywea zikawa kama tundu la sindano. Misuli hucheza yenyewe, kifua hubana, kisha degedege. Hayo yaweza kuja katika saa chache. Ukiona hata moja, usimpe maziwa na kungoja. Mvue nguo zote, mwoshe kichwa na mwili kwa sabuni na maji mengi, wewe mwenyewe ukikinga mikono yako hata kwa mfuko wa plastiki, kisha mkimbize kwenye kituo cha afya au hospitali, na ile chupa mwende nayo ili mganga ajue anapigana na nini. Dawa ya kuokoa ipo, lakini inataka muda.

Mafuta ya taa nayo yana mashabiki wake. Huunguza ngozi, na mtoto akiyavuta kifuani humletea homa ya mapafu. Tena fikirini: kichwa kilichoroweshwa mafuta ya taa, ndani ya nyumba yenye kibatari na jiko la mkaa. Sihitaji kumalizia.

Mzee mmoja wa kigango aliniuliza kama chawa huleta magonjwa, kwa kuwa alisikia habari za Burundi. Ameuliza vema, maana kuna chawa wa aina mbili tunaowachanganya. Chawa wa kichwa, kwa kawaida, haleti ugonjwa mwingine; madhara yake ni kuwashwa, kukosa usingizi, na vidonda vya kujikuna ambavyo huingia wadudu vikatunga usaha na kuvimbisha tezi za shingo. Chawa wa nguo ni mwingine. Huyo hukaa na kutaga katika mishono ya nguo, na ndiye anayebeba homa ya tifasi, ambayo siyo homa ya matumbo ingawa kwa Kizungu majina yanakaribiana.

Aliyefichua hayo ni Bwana Charles Nicolle, daktari Mfaransa aliyekuwa mjini Tunis. Aliona kwamba wagonjwa wa tifasi waliwaambukiza watu wa nyumbani, njiani, hata wale waliopokea nguo zao mlangoni pa hospitali. Lakini wakishaogeshwa na kuvuliwa nguo zile, wakilazwa wodini hawamwambukizi mtu. Basi ugonjwa ulibaki mlangoni, pamoja na nguo. Mwaka 1909 akathibitisha kwamba mwenye hatia ni chawa, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel.

Watu walidhani tifasi ni habari ya vita vya Ulaya. Kisha jirani zetu wa Burundi wakaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1995 ugonjwa ulizuka katika gereza la Ngozi, na kufikia 1997 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameugua, wengi wao wakimbizi wa ndani waliobanana makambini katika milima ya baridi, nguo moja mwilini mchana na usiku, pasipo sabuni. Dozi moja ya doksisaiklini ilitosha kumponya mgonjwa, mradi imfikie. Kwa chawa wa nguo, basi, tiba ni kubadili nguo na kuzichemsha au kuzipiga pasi ya moto hasa kwenye mishono.

Kwa chawa wa kichwa hamna haja ya kuchemsha nyumba nzima. Kanga ya kujifungia kichwa, kofia, shuka na foronya zilizotumika siku mbili za mwisho zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Vitana vitiwe katika maji ya moto yasiyoshikika kwa dakika kumi. Inatosha. Mama anayefukiza nyumba na kutupa magodoro anajichosha bure, kwa sababu chawa aliyeanguka sakafuni amekwisha kufa njaa kabla ya kesho kutwa.

Limebaki jambo la aibu. Watu husema mwenye chawa ni mchafu. Chawa hapendi uchafu wala usafi. Anapenda damu, na damu ya mtoto anayeoga kila siku ni tamu vilevile. Kwa ajili ya aibu hiyo watu huficha, na kwa kuficha jirani hatibu, na kwa kutotibu mtoto wako anawapata tena shuleni. Ukimwona chawa kwa mwanao, mwambie mama mwenzako ambaye mtoto wake anacheza na wako. Mpange mpake siku moja. Wala mtoto asibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Akishapakwa dawa ya kwanza jioni, asubuhi aende shule.

Na walimu wenzangu, mkimwona mtoto anajikuna, mwiteni kando mwisho wa masomo, mmpe karatasi iliyokunjwa apeleke kwa mama yake. Darasani msiseme neno.